Garvin Teague Aliyeazima Kabati la Kaka Yangu

Garvin Teague alibatizwa mara tatu, na zote nilikuwepo. Mara ya kwanza kijito chetu cha Dovey kilikuwa kimekauka hata samaki walikuwa wanasimama kando ya barabara kuomba lifti, ikabidi mchungaji amlaze ubavu mmoja, wasubiri maji yajikusanye, kisha amgeuze ubavu wa pili. Mara ya pili maji yalikuwepo, lakini Garvin alikuwa na miaka kumi na tano na macho yake yote yalikuwa kwa Nelda Pogue aliyesimama ukingoni na gauni la njano, hivyo mama yake akasema hiyo haihesabiki. Mara ya tatu ilishika. Alitoka majini analia, na kuanzia siku hiyo hapakuwa na mtu mtakatifu kumshinda katika Dovey Creek yote. Mimi nitakuwa wa mwisho kukataa, maana utakatifu wake ndio uliotubomolea nyumba.

Naandika haya kwa sababu wajukuu zangu wanamwona mzee Garvin barabarani na fulana yake, wanarudi wananiambia, "Bibi, yule mzee ni jasiri." Jasiri! Haya, kaeni chini. Shule niliiacha darasa la tatu nikaenda kulea kuku, kwa hiyo makosa ya mwandiko humu ni yangu. Uongo mdogo mdogo nao ni wangu. Ule mkubwa ni wa Garvin.

Miaka arobaini aliendesha lori la gesi. Alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba kujaza matangi, kwa hiyo alijua ua wa kila mtu, mbwa wa kila mtu, na kilichokuwa mezani jikoni kwa kila mtu. Alimwoa Nelda. Akawa shemasi. Alipoomba kanisani, ng'ombe wa wilaya ya pili walilala chini kwa kudhani ni ngurumo. Nelda alipofariki, mjukuu wake alimwachia kompyuta ili isimpe upweke nafasi. Garvin akakaa mbele ya ile kompyuta tangu mavuno hadi Pasaka, na Pasaka ilipofika hakuwa na Mungu hata wa kuapia.

Hilo silo kosa lake kwangu, mnielewe. Mtu anaweza kuishiwa na imani kama tangi linavyoishiwa na gesi. Mimi mwenyewe kuna wiki naamini kwa sababu tu kuku wametaga. Laiti angekaa kimya na utupu wake, ningempelekea keki.

Lakini alikwenda Little Rock. Kule alikuta wenzake, watu kama thelathini wasioamini, wanaokutana kila Jumapili asubuhi kwenye mgahawa wa pankeki, saa ileile ya ibada. Wana mwenyekiti, wana katibu, wana hata kapu la sadaka la kupitisha. Garvin akarudi kutoka huko na maneno. Kabati. Kujitokeza. Fahari. Kuzaliwa hivi. Nikayatambua palepale kama mtu anavyotambua koti la ndugu yake mgongoni kwa jirani, maana hayo ni maneno ya watu kama kaka yangu Loyce, wanaume wanaopenda wanaume wenzao. Wao ndio walioishi wamejificha kama nguo kabatini, na wao ndio waliotoka humo, wengine kwa gharama ya meno yao.

Aliyatumia kwa mara ya kwanza mwezi wa tisa, kwenye ile sikukuu ya kanisa ambayo waliohama wote wanarudi tunakula nje kwenye meza ndefu. Garvin akapanda juu ya benchi, amevaa fulana nyekundu iliyoandikwa kifuani TUPO HAPA NA TUNAJIVUNIA.

"Ndugu zangu," akasema, "miaka sabini nimeishi kabatini. Leo najitokeza. Mimi ni mkana Mungu, nilizaliwa hivi, na ninajivunia."

Nzi mmoja akaanguka ndani ya saladi ya viazi, tukamsikia.

Bi Juanelle Stamps, katibu wa kanisa, ambaye wakati huo alikuwa na miaka themanini na minane, akamtazama kupitia miwani yake. "Garvin, mwanangu, shuka utaanguka. Umeshakula?"

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa mateso yake. Kwetu sisi Wabatisti wa Dovey Creek, aliyeokoka ameokoka. Hata akimbie vipi, wokovu unabaki umemng'ang'ania kama kupe, kwa hiyo hakuna aliyemsadiki. Wakasema ni msiba wa Nelda. Wakampelekea chakula. Garvin alikuwa na daftari la kuandika jinsi anavyoonewa, na aliwahi kunionyesha mwenyewe kwa fahari: kijikaratasi cha injili kwenye kioo cha pikapu, kinyozi aliyemwombea katikati ya kumnyoa, na chini ya kichwa cha habari "Ubaguzi", bakuli kumi na tatu za makaroni ya jibini.

Akaandika barua kwa kanisa kudai jina lake lifutwe kwenye daftari la washirika, hadharani, na apewe barua ya kuthibitisha, aipige picha awatumie wale wa pankeki. Kanisa likaiweka barua kwenye maombi. Akaandika ya pili. Ya tatu akatishia kuita gazeti, na hapo mchungaji wetu, Colby, kijana mwenye meno mengi, akasema sawa, itasomwa kwenye mkutano wa washirika wa mwezi wa kwanza.

Sasa niwaambie wao walivyomfuta Loyce.

Loyce alikuwa anapiga piano kanisani. Alikuwa na miaka thelathini, na alipiga hivi: wenye magoti mabovu walikuwa wanasimama kabla wimbo haujaanza. Siku moja Garvin alikuja kwetu kujaza tangi. Akaingia jikoni kuomba maji, akakuta barua mezani, barua ya Loyce kutoka kwa rafiki yake wa Memphis. Akaisoma. Akaitia mfukoni. Jumapili iliyofuata, kwenye mkutano wa washirika, Shemasi Garvin Teague, miaka thelathini na miwili, akasimama akaisoma kwa sauti ile ya kulaza ng'ombe, kisha akatoa hoja Loyce Maddux afutwe.

Mikono sitini na miwili ilinyanyuka. Mama yangu alikalia yake. Mimi sikunyanyua mkono wa ndiyo wala wa hapana. Nilikuwa na miaka thelathini na mitano, nilikuwa na ulimi, na nilikaa kimya. Hilo ni langu, simpi Garvin.

Loyce alikuwa amekaa kwenye kiti cha piano, ametupa mgongo. Akafunga kifuniko cha piano polepole, kama anafunika mtoto. Jumatatu shule ikamwambia asije tena kufundisha. Jumanne akapanda basi la Memphis na begi moja, na miaka thelathini na nane akawa anatengeneza piano za watu wengine. Mama alipofariki alikuja, lakini kaburini hakuingia. Alisimama ng'ambo ya barabara, kofia mkononi, mpaka tulipomaliza kufukia.

Vuli ileile ambayo Garvin alikuwa anahesabu makaroni, Loyce akanipigia simu.

"Orpha, moyo umechoka. Daktari anasema nisinunue suti ya Pasaka."

"Daktari huyo anajua nini?"

"Anajua moyo, dada. Sikiliza. Nataka kulala pembeni ya Mama."

Ile nafasi kushoto kwa Mama ipo. Mama mwenyewe aliikatalia watu miaka yote. Lakini makaburi yetu ni ya washirika tu. Nikaenda kwa Bi Juanelle, akatoa kitabu cha sheria za kanisa, kile kinachonuka panya, akasoma kwa kidole. Uamuzi wa zamani unaweza kufunguliwa tena, lakini hoja lazima iletwe na mshirika aliyenyanyua mkono wa ndiyo siku ile.

"Mkono wa ndiyo peke yake?" nikauliza.

"Ndivyo walivyoandika. Ili walioshindwa wasirudi kila mwezi kulialia." Akanitazama. "Ungekuwa umenyanyua mkono wa kumfukuza, Orpha, leo ungeweza kumrudisha."

Tukahesabu. Mikono sitini na miwili. Hamsini na minane iko makaburini. Mitatu iko kwenye nyumba ya wazee, na wenyewe hawajui ni ya nani. Uliobaki ni mmoja, na mwenye nao anadai afutwe mwezi wa kwanza.

Nikaenda kwa Garvin na miguu yangu. Alikuwa barazani, bendera aliyopewa na wale wa pankeki imening'inia juu yake.

"Orpha! Panda, panda. Nilijua wewe ndiye utakayenielewa."

"Nikuelewe nini?"

"Mimi na Loyce sasa tuko upande mmoja."

"Upande gani huo, Garvin? Wa pankeki?"

"Wa wanaoonewa. Na mimi nilikuwa naficha nafsi yangu. Na mimi nilikuwa mhanga wa kanisa lile."

"Wewe ulikuwa kanisa lile."

Akajikuna bega. Nikamweleza shida yangu yote, Loyce, moyo, kaburi, kitabu cha sheria. Nikamwambia: ondoa barua yako, simama kama mshirika, toa hoja, halafu nenda zako ukafutwe hata mara kumi.

"Unaniomba nirudi kabatini," akasema, na haki ya nani, macho yake yalilowa.

"Nakuomba uingie robo saa. Mlango nitakushikia mimi."

"Siwezi kudanganya kuhusu mimi ni nani. Wenzangu nimeshawaahidi picha ya barua."

Nilishuka ile baraza nikarudi nyumbani kwa miguu ileile.

Wiki hiyohiyo Loyce akaja kwa basi. Amekonda, tai imemzunguka shingo kama kamba kwenye mwanzi. Nikamwambia apumzike. Akasema, "Nipeleke kwanza kwa Shemasi." Hakumwita Garvin kwa jina jingine mpaka anakufa.

Garvin alitupokea jikoni. Alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Shemasi," akasema Loyce, "nasikia umejitokeza."

"Ndiyo, Loyce. Na sasa najua ulivyokuwa unajisikia."

"Kumbe. Walikufukuza kazi?"

"Nimestaafu."

"Walikupiga?"

"Hapana. Ila kinyozi..."

"Nyumba walikutoa?"

"Nyumba ni yangu."

"Mama yako aliacha kukutaja mezani?"

"Mama ameshakufa, Loyce, unajua."

"Sasa walikufanya nini?"

Garvin akaangalia friji.

"Makaroni," nikasema mimi.

Loyce akacheka. Alicheka mpaka ikabidi nimsogezee kiti, ameshika kifua, machozi yanamtoka. Aliponyamaza, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ugonjwa ule, ukimwi, ulipoingia Memphis," akasema, "kuna mwezi tulizika wanne. Wawili hawakuwa na mtu wa kwao hata mmoja kaburini. Tulikuwa tunasimama pale watu sita, tunasema yale maneno uliyoandika kifuani, kwa sababu hatukuwa na kitu kingine cha kusema. Sikuombi uvue fulana, Shemasi. Vaa. Lakini usiniambie ulikuwa kabatini na mimi. Wewe ulikuwa nje umeegemea mlango."

"Nilikuwa kijana," akasema Garvin.

"Miaka thelathini na miwili," nikasema. "Na barua haikuwa yako."

"Nilishaacha imani ile! Yule mtu siye mimi!"

"Aa, umeacha," Loyce akasema, akichukua kofia yake. "Na mimi ndiye nabaki nayo?"

Tulipotoka Garvin alikuwa bado amesimama katikati ya jikoni, mkono juu ya meza.

Mkutano ulikuwa Jumapili baada ya chakula cha mchana. Loyce alibaki garini mwangu, kioo amekishusha, baridi ile. Ndani tulikuwa watu sitini na kitu. Dakika kumi baada ya saa nane mlango ukafunguliwa, akaingia Garvin na koti limefungwa vifungo mpaka kidevuni. Jumapili ya kwanza tangu kiangazi bila pankeki.

Mchungaji Colby akaisoma barua ya kufutwa, akaikunja. "Ndugu Garvin, bado unaisimamia?"

Nilisikia saa ya ukutani. Nilisikia hata meno yangu, na meno yangu yalikuwa kwenye mkoba.

"Naiondoa," akasema Garvin.

"Bwana asifiwe," mtu akasema nyuma.

"Na nina hoja. Mwaka ule nilinyanyua mkono Loyce Maddux afutwe. Natoa hoja arudishwe."

Pakawa na mnong'ono kama mafuta yanayochemka. Mzee mmoja wa viti vya mbele akasema kwa sauti, "Hapa hatufungulii mashoga mlango." Mchungaji akainua mkono, akaonyesha yale meno yake mengi.

"Tunampenda Loyce, sote. Lakini Ndugu Garvin, sheria inataka mshirika. Unasimama hapa kama mshirika?"

Ndilo swali nililokuwa naliogopa. Garvin akashika kiti cha mbele yake. Uso wake ulitoka mweupe, ukawa mwekundu, ukawa rangi ambayo sijaiona tena ila kwenye biringanya.

"Ndiyo," akasema. "Mimi ni mshirika."

"Mshirika mwaminifu?"

"Colby," akadakia Bi Juanelle bila kuinua kichwa kwenye daftari, "sheria haisemi mwaminifu. Inasema mshirika. Tukianza kudai uaminifu hatutapata akidi. Nami naunga mkono hoja."

Hapo kanisa likapasuka. Siyo kwa ajili ya Loyce, msidanganyike. Walikuwa wamesikia jambo moja tu, kwamba Garvin amerudi. Wanawake wakalia. Wanaume watatu wakamkumbatia kwa mpigo, na mmoja akaanza wimbo, na Garvin katikati amekakamaa kama nguzo ya umeme. Bi Juanelle hakungoja wapoe. Akagonga meza, akaita kura wakati bado wana machozi. Thelathini na wanne ndiyo, ishirini na tisa hapana. Wale ishirini na tisa nawajua wote kwa majina na nitakufa nao kichwani.

Safari hii mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza kuuliza.

"Kuna jambo jingine?" akauliza mchungaji.

Garvin akajifungua koti. Fulana nyekundu ikatokea. "Lipo. Natoa hoja jina langu lifutwe."

Watu wakatabasamu kama mtu anavyotabasamia mtoto anayesema atahama nyumbani.

"Kuna anayeunga mkono?"

Hakuna. Garvin akageuka, akanitazama mimi. Alikuwa anastahili, najua. Neno moja tu. Na mimi nilikuwa nimeinamia mkoba wangu natafuta pipi ya mnanaa, na mkoba wangu ni mrefu sana, una kona nyingi, niliwahi kupoteza jogoo humo.

Nikatoka nje kumwambia Loyce. Alikuwa amesinzia. Nikagonga mlango wa gari.

"Umo kwenye daftari," nikasema.

Akafumbua macho. "Na Shemasi?"

"Naye yumo."

"Maskini," akasema Loyce, akacheka mpaka akakohoa.

Hakuifikia Pasaka. Tulimlaza kushoto kwa Mama siku ya upepo, na mtu wa piano alikosekana kwa hiyo tuliimba hivyohivyo. Nilipoinua kichwa nilimwona Garvin. Alikuwa ng'ambo ya barabara, hana koti, fulana yake inapepea, amesimama palepale aliposimama Loyce siku ya Mama. Hakuna aliyemkataza kuingia. Sikumwita.

Tangu hapo, kila baada ya miezi mitatu anasimama kwenye mkutano anatoa hoja yake, na kila mara ananitazama, na kila mara nina shida na pipi. Wale wa pankeki nasikia wamechoka kusubiri picha. Juzi alikuja barazani kwangu, mzee sasa, anatembea kwa fimbo.

"Orpha, nikifa na jina bado limo, watanizika pale. Wataniombea saa mbili nzima."

"Najua," nikamwambia. "Nyimbo nimeshachagua."